Tawi la Mzambarau wa Bi Siti

Tarsis Ngonyani alipostaafu bandarini, mkewe alidhani sasa watapumzika. Alikosea. Mtu aliyekaa miaka ishirini na tisa juu ya kreni, akishusha makontena kutoka melini, hakujua kukaa kwenye kiti cha kawaida. Chai ya asubuhi aliinywa amesimama. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alikaza bawaba za mlango, akazilegeza, akazikaza tena. Mchana alitoka kwa miguu Mtaa wa Sikukuu mpaka Magogoni kuangalia pantoni likivusha abiria, akarudi kwa miguu, na jasho halijakauka alikuwa ameshauliza, "Mama Stella, hakuna kitu cha kununua sokoni?"

"Kipo," Blandina alimjibu siku moja. "Ninunulie mbegu za mchicha. Halafu uzipande, utulie."

Kutulia hakutulia, lakini kupanda alipanda. Nyuma ya nyumba yao, nyumba ya zamani aliyoachiwa na shangazi yake, kulikuwa na ua wa hatua saba kwa tano. Aliujaza makopo ya rangi, ndoo zilizopasuka na viroba vya udongo. Akapanda mchicha, figiri, matembele na pilipili. Miche ikatoka, ikarefuka haraka, ikawa myembamba na ya njano, yote imepinda shingo kuelekea upande mmoja. Ghorofa jipya la upande wa mashariki lilikuwa limekula jua la asubuhi. La mchana lililiwa na mzambarau wa Bi Siti.

Mti wenyewe ulisimama katika ua wa Bi Siti, lakini tawi lake moja, nene kama paja la mtu, lilikuwa limevuka ukuta na kufunika nusu nzima ya ua wa Tarsis. Msimu wa zambarau matunda yaligonga mabati kutwa na kuchafua shuka kambani. Blandina alilijua tawi hilo kwa miaka mingi na alikwisha kuzoea kuanika mbele ya nyumba. Tarsis ndiye aliyeliona sasa, kama mgeni. Akishaamka analitazama. Akila analitazama. Siku ya tatu akaenda kwa jirani.

Bi Siti alikuwa mjane wa karibu miaka sabini, mzaliwa wa mtaa ule ule. Chini ya mzambarau wake kulikuwa na mabenchi mawili, na wasusi wanne walisuka wateja wao hapo kutwa. Walichomlipa kwa ajili ya kivuli ndicho kilichomweka mjini.

"Shikamoo, Bi Siti."

"Marahaba, Baba Stella. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kwa ajili ya tawi. Limeninyima jua, nataka kulikata."

Bi Siti alinyanyua macho juu, akayashusha taratibu. "Fundi mmoja aliwahi kuniambia, mti huu ukikatwa upande mmoja bila mpango, uzito wote utakuja huku kwangu. Huku kuna paa langu, na kuna watoto wa watu wamekaa chini. Ukianguka, nitawaambia nini mama zao?"

"Hautaanguka. Mizigo naijua mimi."

"Bandarini uliijua. Mti si kontena, baba."

Neno hilo lilimkaa Tarsis kooni wiki mbili. Salamu za ukutani zikawa fupi. Mwisho akaenda ofisi ya serikali ya mtaa, na siku ya Jumanne mwenyekiti wa mtaa, Khalfani, akaja mwenyewe. Alitazama upande huu, akazunguka akatazama upande wa pili, akawasikiliza wote wawili. Akaamua hivi: tawi likatwe mpaka ukutani, na kwa Bi Siti nako yapunguzwe matawi mawili ili mti usielemee. Kazi aifanye Adamu, mkata miti anayeijua, kwa kamba. Siku iwe Jumatatu, kwa sababu Jumatatu wasusi hawafanyi kazi.

"Mmeridhika?"

"Nimeridhika," alisema Bi Siti.

"Nimeridhika," alisema Tarsis, na siku hiyo hiyo akaenda kuazima msumeno.

Jumatano aliunoa. Alhamisi akaunoa tena. Ijumaa, saa nne asubuhi, Blandina akiwa sokoni, alisimika ngazi ukutani. Alijiambia anapunguza vijitawi tu, ili Adamu akija asipate tabu. Vijitawi vikaanguka, na doa la jua likashuka juu ya kopo moja la mchicha. Alilitazama doa lile kwa furaha aliyokuwa hajaionja tangu alipokabidhi kitambulisho chake cha kazi. Akapandisha msumeno kwenye tawi kubwa. Kamba ya kushushia tawi aliiacha chini, imezungushwa vizuri juu ya ndoo.

Msumeno haukufika hata nusu. Tawi lilipasuka kwa mlio wa bunduki, likachanika na gome lake, likaelemea ukuta kwa uzito wake wote. Safu tatu za juu za matofali zikaporomokea kwa Bi Siti. Ngazi ikateleza, na Tarsis akaangukia makopo yake kwa goti.

Kisha mwanamke mmoja akapiga yowe.

Tarsis alipita kwenye pengo la ukuta akichechemea. Benchi moja lilikuwa limekatika katikati, na matofali yamelilalia. Hatua tatu kutoka hapo alisimama mteja, msichana aitwaye Leticia anayeuza vitenge sokoni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama timtim. Alikuwa ameinuka ili kupokea simu, kwa sababu pale benchini, katikati ya kelele za wasusi, hasikii. Simu bado ilikuwa sikioni. Mtu wa upande wa pili alikuwa anaita, "Haloo? Haloo?"

Miaka yote ishirini na tisa Tarsis hakuwahi kunyanyua mzigo kabla mtoa ishara aliye chini hajainua mkono. Wenzake walikuwa na haraka, yeye hapana. Walimwita Mzee Subiri, wakimcheka, na jina hilo alilipenda kimya kimya, kwa sababu hapakuwa na familia hata moja iliyolia kwa kosa lake. Leo hapakuwa na mkono wowote ulioinuliwa.

"Nimekosa," alisema.

"Kaa," Bi Siti alimwambia, akionyesha benchi lililosalia.

Alikaa.

"Tazama."

Akatazama matofali. Akatazama kitana cha msusi kilichopondeka chini yake. Bi Siti alimwacha pale muda mrefu, hakumtukana, hakuinua sauti. Kisha akasema, "Sasa nenda kwako." Tarsis angefurahi kama angetukanwa.

Blandina aliporudi na kapu lake, alimkuta amekaa sakafuni katikati ya udongo uliomwagika. Habari alikwisha kuipata njiani.

"Baba Stella, unakimbizana na nini?"

Tarsis alijifuta udongo gotini. "Sijui. Kila nikikaa naona kama kuna mzigo nimeuacha hewani, na watu wanapita chini yake. Nainuka nikaushushe. Nikiinuka siuoni."

Blandina aliweka kapu chini, akakaa naye hapo hapo kwenye udongo. Hakuwahi kumsikia akisema jambo la namna hiyo.

Jumamosi asubuhi Tarsis alimfuata Leticia kwenye meza yake ya vitenge na kumwomba radhi mbele ya wenzake. Msichana alimwamkia kwa adabu. "Mimi sijambo, mzee," alisema. "Ila sasa nikitaka kukaa mahali natazama juu kwanza."

Aliondoka na maneno hayo kama mtu aliyebeba maji ya moto. Siku hiyo hiyo akaondoa pengoni vipande vya tawi vilivyoanguka, akaanza kujenga ukuta, na Jumapili baada ya misa akaendelea. Bi Siti alikuja kusimama upande wake, mikono nyuma. Chai hakutoa.

"Hilo la tatu limekaa upande," alisema.

Tarsis aliling'oa, akalipanga upya.

"Bado."

Akaling'oa tena. Jioni ukuta ulikuwa umesimama, na benchi jipya la mbao za mninga aliloleta Tarsis liko mahali pake. Bi Siti alilipapasa kwa kiganja, akaguna, akaingia ndani.

Jumatatu Adamu alifika na misumeno yake. Alipanda mtini, akafunga kamba kwenye kile kilichobaki cha tawi, kisha akauliza nani atashika kamba. Tarsis aliishika. Bi Siti alitoka, akajifunga khanga kiunoni, akasimama katikati ya ua mahali anapoona pande zote.

"Hashushi mtu kitu mpaka niinue mkono," alisema.

Ilikuwa kazi ya polepole iliyowachosha wote. Kila kipande kilikatwa, kikaning'inia, kikangoja. Bi Siti alizunguka, akahakikisha, wakati mwingine akarudi kuhakikisha tena. Viganja vya Tarsis viliungua, lakini hakulegeza hata kidole kabla ya wakati. Saa kumi jioni kipande cha mwisho kililala chini bila kishindo.

Jua likaingia uani. Siku za kwanza liliuchoma mchicha uliokuwa umezoea kivuli, ikabidi Tarsis asogeze makopo asubuhi, ayasogeze tena mchana. Baada ya wiki tatu majani yalinenepa, yakawa ya kijani ya kweli. Kuhangaika kwake hakukupungua sana. Magogoni bado alikwenda, lakini mara nyingine Blandina alikwenda naye, na alipokwenda walikaa.

Kisha akaanza kusikia, kila siku kama saa tano hivi, mabenchi yakiburutwa upande wa pili wa ukuta na wasusi wakilalamika. Matawi yale mawili yaliyopunguzwa kwa Bi Siti yalikuwa yameacha tundu, na jua lilikuwa linawapiga usoni. Tarsis alisikiliza siku mbili. Siku ya tatu akanunua turubai, akalikunja begani, na badala ya kuita kwa juu ya ukuta akazunguka mpaka mlango wa mbele.

"Hodi!"

Ndani redio ililia, watu wakacheka. Miguu ilitaka kuondoka.

"Hodi, wenyewe!"

"Nani?"

"Mimi, Baba Stella. Nina jambo nataka kuuliza."

"Ngoja nijitande."

Tarsis alishusha turubai chini, akaegemea mlango, akangoja.