Nilimweleza Kaka Yangu Undugu Nisioujua

Wasomaji wenzangu, assalam alaykum. Nna umri wa miaka sitini na mbili, naishi Matrah, huku Omani, na gazeti hili hunifikia kwa mikono ya wasafiri, mara nyingi limeshapitwa na wiki nzima. Nilisomesha skuli Unguja miaka ishirini na sita. Mwaka 1964 tulihamia huku, mimi, kaka yangu mkubwa na mkewe, nikapata kazi ya kuandika barua za Kizungu kwa mfanyabiashara mmoja. Nimemwomba mhariri alifiche jina langu, na majina nitakayoyataja si yao.

Kaka yangu, nimwite Salim, ana mtoto mmoja tu, Nassor. Alikwenda Amerika kusomea uhandisi mwaka mmoja kabla hatujahama, akiwa na miaka kumi na tisa. Barua zake nilikuwa nikizisoma mimi, kwa sababu baba yake anasoma hati za Kiarabu tu.

Mwaka 1966 ilikuja barua yenye picha. Nassor amesimama na vijana kama ishirini wa Kizungu mbele ya nyumba kubwa, wameshikana mabega, na juu ya mlango pana herufi tatu za Kigiriki. Aliandika kwamba amepokewa katika chama cha wanafunzi ambacho watu wake huitana ndugu. Walimjaribu wiki kadhaa, akala kiapo, na sasa anakaa nao nyumba moja. Yako mambo ya chama, alisema, asiyoruhusiwa kuyataja. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi nyingine ya Kiingereza, ya chapa. Niliitupia jicho, nikadhani ni tangazo la chuo, nikaitia mfukoni.

"Ndugu gani hao?" aliuliza kaka. "Ndugu zake si wako huku?"

Nikaigeuzageuza ile picha. Akacheka. "Mwalimu mzima, jambo la watoto limekushinda?"

Laiti ningesema sijui. Lakini mimi ni mtu wa kueleza, na mtu wa kueleza huona haya kusema hajui. Nikamwambia ni kama kule kwetu watu wawili wanapochanjiana: huchanjwa chale kifuani, kila mmoja akala kipande cha ini chenye damu ya mwenzake, wakawa ndugu mpaka kufa.

Kaka aliweka kikombe cha kahawa chini. "Kwa hivyo mwanangu kachanganya damu na manasara?"

"Si damu hasa, kaka. Ni mfano tu."

"Kiapo si kala?"

"Kala."

"Siri si anatuficha?"

"Anaficha."

"Basi mfano gani tena!"

Sisi ni watu wa nasaba. Kaka anayo hati yenye majina ya mababu zetu kumi na wawili, na jina la chini kabisa lilikuwa la Nassor. Aliitoa sandukuni siku ile ile, akalikata kwa kalamu ya wino. Kisha akanigeukia. "Mwandikie. Hao ndugu zake wapya ndio watakaomwoza na kumzika. Huku hana mtu."

"Kaka, ngoja ghadhabu zipoe."

"Andika, Mwalimu. Kazi yako si ndiyo hiyo?"

Nikaandika. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikatia na mikato mahala pake.

Mkewe, Bi Zuwena, hakuthubutu kusema neno mbele ya mumewe. Lakini kila Ijumaa nilipokwenda kula, alingoja kaka ajinyooshe, akaitoa ile barua ndani ya kanga. "Shemegi, nisomee tena. Labda pana pahala ulipapita."

"Sijapapita, bibi."

"Basi nisomee pale anaponisalimu tu."

Miaka mitatu nilimsomea pale. Mwaka jana homa ilimchukua siku nne, tukamzika.

Mwaka huu kaka ameanza kuugua moyo. Nilimpeleka kwa daktari mmoja Mmarekani, tukazungumza, nami siku ya pili nikamchukulia ile picha na ile karatasi ya chapa. Daktari alicheka kwa furaha. "Hata mimi nilikuwamo katika chama kama hiki! Tulioshana vyombo kwa zamu na kusaidiana masomo. Siri yetu kubwa ilikuwa namna ya kupeana mkono. Wasichana nao wana vyama vyao, mke wangu alikuwa katika kimoja. Mama yangu alikuwa akialikwa kila mwaka, akavalishwa ua." Kisha akainua ile karatasi. "Hii si waliandikiwa wazazi wake? Imeeleza yote."

Niliisoma palepale, nimesimama. Ilianza na "Wazazi wapendwa". Ilisema kiapo ni cha tabia njema, kwamba dini ya kijana haiguswi, na kwamba mzazi mwenye wasiwasi aulize lolote, atajibiwa. Miaka minne ilikaa kwangu, kati ya kurasa za kamusi.

Sasa amekuja sultani mpya, nchi imefunguka na waliokuwa nje wanaitwa warudi. Nassor ameniandikia mimi. Amekuwa mhandisi, atafika mwezi ujao kwa ndege ya Bahrain. "Ami, nitafutie maneno ya kumlainisha baba. Na mwambie mama nitafikia mikononi mwake."

Nikimweleza kaka kwamba maneno yangu ndiyo yaliyomnyang'anya mwanawe, na kwamba mkewe amekufa akilia bure, daktari ameshanionya habari za moyo wake. Nikinyamaza, kijana atafika mlangoni na baba yake hatamfungulia. Na huyo kijana nimeanza kumjibu mara tatu, lakini kila nikifika pa kumtaja mama yake, kalamu inakataa.

Maisha yangu yote nimewaeleza watu. Leo nnawaomba nyinyi mnieleze mimi. Nimwambie nani kwanza, na nianze na neno gani? Nishaurini, siku zenyewe zimebaki ishirini.