Siku Nilipomvua Mama Mkwe kwa Tableti

Jamani, hii aibu nilipanga kuzikwa nayo, lakini kwa vile Kemunto, mchumba wangu, ameshawasimulia nusu yake huku akicheka, acheni niimalizie mwenyewe.

Nasomea sanaa chuoni hapa Kisii, na siku hizi penseli hatuishiki sana, tunachorea kwenye tableti. Siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Kemunto kule Nyansiongo nikambebea mamake zawadi, picha yake akiwa na gauni la kanisani, nimeichora wiki nzima, nikaunganisha tableti na televisheni ya sebuleni. Mama akatabasamu. Nikajiona nimeshapewa binti.

Babake akakunja uso. "Kijana, hii umechora wewe ama ni kompyuta? Siku hizi mnaiambia tu, inachora."

(Hapo ningesema "Ni mimi, mzee," ninywe chai yangu, yaishe.) Lakini roho iliniuma, maana niliona anawaza kwamba anayedanganya kwa picha atadanganya hata mke, nikakumbuka kuwa tableti hurekodi kila mstari. "Mzee, jionee mwenyewe nilivyochora," nikasema, nikabonyeza irudie tangu mstari wa kwanza.

Sasa, mwalimu wetu hutufundisha kuanza na mwili ili nguo zikae vizuri. Kikaja kichwa, yakaja mabega (mzee anaridhika kabisa), kikaja kifua, kiuno, mapaja, na mama mkwe wangu mtarajiwa akawa kwenye televisheni kama alivyozaliwa, nami nabonyeza kila mahali niizime, kumbe naikuza! Na kwetu Wakisii mkwe hata chumba cha kulala cha mama mkwe hakanyagi.

"Yaya! Yaya!" mzee akapaza sauti kwa Kikisii, yaani hapana. "Zima hiyo kitu!"

Shangazi yake Kemunto akairushia televisheni kitambaa cha kochi. Mama alikuwa ameshatoka nje kwa mlango wa jikoni. Gauni lilifika kwenye picha, lakini limechelewa.

Nikaambiwa niende, na nikirudi nije na mbuzi wa kuondoa hiyo aibu. Nilifika langoni nimekata tamaa ya kuoa, Kemunto akanifuata mbio machozi yakimtoka, nikajua ameniacha, kumbe ni kicheko.

"Mama amenituma," akasema. "Anauliza, hicho kiuno kinene ulikitoa wapi?"

Mbuzi nilipeleka. Tangu siku hiyo naanza na gauni, mwalimu ananinyima alama, na sibishani naye.