Macho ya Mkaguzi Okinyi

Hakuna ndege iliyotoka katika hanga ile ya uwanja wa ndege wa Wilson kabla Zedekiah Okinyi hajaizunguka, akaipapasa, akaiinamia, kisha akaitilia sahihi. Mafundi walimwita Mzee ingawa hakuwa na mvi hata moja. Alikuwa mkali, na neno lake lilikuwa la mwisho.

Alianza maisha akifua mabati katika mtaa wa Kariobangi, akitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni. Siku moja mhandisi aliyekuja kumnunulia bintiye sanduku akaligeuza huku na huku, akaona jinsi pembe zilivyokaa, akamuuliza kama angependa kujifunza mabati ya ndege. Okinyi alifunga kibanda chake wiki hiyo hiyo. Akawa msaidizi, akawa fundi, akasoma jioni mpaka akafanywa mkaguzi. Lakini hakuhama mtaa. Ndege ndogo ikitokea kwa mbali, majirani walimpigia kelele, "Okinyi, ile ni yako?" Naye alikinga jua kwa kiganja na kuitaja aina yake kabla mlio haujawafikia.

Vitu vya mbali aliviona vizuri. Vya karibu ndivyo vilivyoanza kumtoroka.

Kwanza zilikuwa herufi za Biblia, zilizomlazimu kunyoosha mkono mpaka kiwiko kikauma. Kisha namba zilizochongwa kwenye vyuma. Mwishowe alikuwa akikagua kwa vidole zaidi ya macho, na kwa kukumbuka kila kitu kinavyopaswa kukaa. Mtu pekee aliyejua ni mkewe, Phelister.

"Baba Elsie, nenda ukapimwe," alimwambia mara nyingi.

"Nikapimwe ili waniandike kipofu? Hawa watoto watasomeshwa na nani?"

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Alimjua mkaguzi wa kampuni nyingine aliyelalamika kwamba haoni vizuri. Muda si muda mtu huyo alifukuzwa, akawa anauza mkaa mtaa wa Umoja. Basi Okinyi akanyamaza, na kila ndege yenye sahihi yake ilipopaa, hakuondoka hangani mpaka aliposikia kwamba imetua salama.

Hayo yalikuwa mambo ya mwaka tisini na saba. Mwaka huo wateja waliokodi ndege za kampuni ya Okinyi kupeleka misaada kaskazini waliweka sharti jipya: fundi yeyote ambaye hajapitia mafunzo kuhusu makosa ya kibinadamu kazini asiguse ndege watakayopanda watu wao. Mafundi walinung'unika. Vijana walisema ni kupotezewa time tu. Okinyi alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, akiwa tayari kudharau.

Mwalimu alikuwa Magan, mhandisi mstaafu kutoka Eastleigh, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wasogeze viti. Hakuanza na mambo ya injini.

"Tunakagua mabawa," alisema. "Tunakagua matairi, nyaya, mafuta. Kuna kitu kimoja kinachoshika ndege kila siku na hatukikagui kamwe. Ni fundi mwenyewe. Je, amelala? Amekula? Ana msiba nyumbani? Anasikia? Anaona?"

Okinyi alihisi kama ametajwa kwa jina. Akatazama sakafu.

Mafunzo yaliendelea wiki nzima. Magan aliwaonyesha jinsi mtu anayekatizwa katikati ya kazi anavyorudi akidhani amekwisha kukaza alichokuwa hajakikaza. Aliwafundisha namna ya kumwachia kazi mwenzako wa zamu bila kumwacha gizani. Lakini somo lililowashinda wengi lilikuwa la kumzuia mkubwa. Anayeona kasoro aseme, hata awe nani, na anayeambiwa asikilize, hata awe nani. Magan aliwataka wafanye mazoezi wawili wawili. Okinyi akapangwa na Syombua, binti wa Donholm aliyekuwa amemaliza chuo mwaka uliotangulia, mwanamke pekee kati ya mafundi.

"Mzee, simama kwanza," Syombua alisema, sauti ikiwa ndani ya kola ya ovaroli. Watu wakacheka.

"Hata mimi sijasikia," Magan akasema. "Rudia."

Alirudia mpaka kicheko kikaisha. Okinyi aliitikia kwa kichwa tu, akiona ni mchezo wa kitoto.

Haikupita hata nusu mwezi. Asubuhi moja ndege iliyokuwa ipeleke dawa Turkana ilisubiri mlangoni mwa hanga, makasha yamepangwa, wauguzi wawili wamekaa juu yake, meneja anatazama saa. Okinyi aliipitia ndege kwa haraka kuliko alivyopenda. Alifika mkiani, akapitisha kidole kwenye bawaba inayoshika kile kibati cha kuinua na kushusha pua ya ndege, na kwenye ribiti, misumari iliyoibana. Kidole kilipita laini. Akafuta mikono, akaomba kalamu.

Syombua alikuwa amepiga magoti pale pale, akikusanya vifaa. Akainua tochi.

"Mzee, simama kwanza."

Safari hii alisikika mpaka kwenye makasha.

"Kuna nini?" Okinyi aliuliza, na hasira ilikuwa imeanza kupanda.

"Ufa, Mzee. Kwenye bawaba. Unaanzia hapa kwenye ribiti ya chini."

Okinyi alichukua tochi, akainama. Aliona rangi nyeupe na ukungu. Akarudisha kichwa nyuma, akakisogeza tena, na ukungu ulikuwa pale pale. Meneja alikuwa anakuja. Ingetosha aseme ni mkwaruzo wa rangi, na hakuna ambaye angebishana na mkaguzi. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni kabisa. Kisha akamwona muuguzi mmoja, msichana wa umri wa Elsie wake, akijifunga lesi za viatu tayari kwa safari.

"Mimi siuoni," alisema. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Siuoni, nyathina. Na si leo tu. Macho yangu ya karibu yaliniacha kitambo."

Nyathina kwa lugha ya kwao ni mwanangu, na hakuwahi kumwita fundi yeyote hivyo.

Walisafisha bawaba, wakaipaka ile dawa nyekundu inayoingia kwenye nyufa, wakaifuta. Mstari ukajichora, mwembamba kama unywele, kutoka kwenye ribiti hadi karibu na ukingo. Dawa za Turkana ziliondoka alasiri kwa ndege nyingine.

Ofisini meneja hakumung'unya maneno. "Ungetuficha mpaka lini, Okinyi? Mpaka tuokote watu milimani?"

Okinyi alivua beji yake, akaiweka mezani. Magan, aliyeitwa kutoka darasani alikokuwa akifundisha kundi jingine, ndiye aliyesema.

"Ana kosa, na sahihi yake isimamishwe leo hii. Lakini ukimfukuza kwa sababu amesema, kila fundi aliye pale nje atajifunza kitu kimoja tu. Kuficha."

Meneja akaisukuma beji upande wa Okinyi. Aliamuru macho ya mafundi wote yapimwe, na ndege zote alizozipitisha Okinyi mwaka ule zikaguliwe upya. Okinyi mwenyewe alipewa kazi ya kumshikia mkaguzi mgeni taa. Zilikuwa siku ngumu kuliko zote alizowahi kupitia kazini. Kila kifuniko kilipofunguliwa aliomba kimoyomoyo. Zilipatikana kasoro ndogondogo, hakuna ya kuangusha ndege. Ya mwisho ilipomalizwa alienda nyuma ya hanga, akainamia ukuta, akalia akimshukuru Mungu bila kujali nani anamwona.

Vipimo vya macho vilionyesha kwamba hakuwa peke yake. Kijana mmoja aliyemcheka Syombua darasani ndiye aliyekutwa na macho mabovu kuliko wote. Okinyi alipata miwani, akaivaa mpaka nyumbani, akasimama jikoni akimtazama Phelister kwa karibu.

"Mama Elsie! Kumbe umeanza kuwa na mikunjo!"

"Na wewe ulidhani unaishi na nani siku zote hizi?" Phelister akajibu, kisha akaketi kwenye kigoda, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Okinyi alirudishiwa ukaguzi baada ya miezi michache. Mafunzo yale yakawa ya kila mwaka, na Magan alipokuja tena alimwomba Okinyi asimame mbele ya mafundi wapya. Naye akawasimulia kila kitu, hata habari ya muuza mkaa.

Lakini kabla ya hayo kulikuwa na deni la moyo. Jumapili moja baada ya kanisa, Okinyi na Phelister walivaa vizuri, wakachukua jogoo, wakaenda Donholm kwa kina Syombua. Mama yake, Muthoki, alishtuka kuwaona mlangoni, akadhani binti yake ameharibu kazi.

"Hapana, mama," Okinyi alisema. "Nimekuja kukushukuru. Ulimlea mtoto akaheshimu wakubwa, lakini hukumfundisha kuwaogopa mpaka anyamaze. Kuna watu wako hai leo kwa ajili ya hilo. Na mimi pia limeniokoa."

Muthoki alimtazama binti yake, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia la jikoni kwa aibu. "Huyu? Huyu alianza kelele siku aliyozaliwa, hajanyamaza mpaka leo."

Wakacheka wote, na ugeni ukaisha. Chai ikaletwa, na chapati, na Syombua akaitwa aketi karibu na mkaguzi wake. Kabla ya kula Phelister aliombwa aombe. Aliombea nyumba ile, akaombea mafundi na marubani, akamtaja Magan kwa jina, Mungu amzidishie siku. Okinyi akaitika amina kwa sauti iliyomfanya jogoo, aliyefungwa miguu pale mlangoni, apige mabawa.