Kishindo Chini ya Sakafu

Kazini walimwita Mama Presha, na si kwa ugonjwa. Kazi yake ilikuwa kuiga miguu ya ndege ndani ya kompyuta: mitungi, vali za kufungua na kufunga njia, na mabomba ya mafuta yanayokunja magurudumu na kuyakunjua. Aliyatesa humo mpaka ajue yatavumilia nini, na hakuamini hesabu yoyote, hata yake mwenyewe, kabla ya kuirudia.

Jumapili moja mama mkwe alikuja kuwatembelea kwa ndege. Chai haijapoa, akaanza kulalamika: ndege ilipopaa, magurudumu yakiingia tumboni, kitu kiligonga chini ya nyayo zake kama mtu anayevunja mlango. Mumewe Mama Presha akasema mama naye kwa kukuza mambo hajambo. Mama Presha alicheka pia, lakini kicheko kikamkauka mdomoni.

Kesho yake aliifungua kwenye kompyuta ndege ya aina ileile. Safari hii hakuifunga vali ya magurudumu taratibu, kama inavyojifunga ikiwa mpya. Aliifunga ghafla, kama iliyochakaa. Mafuta yaliyokuwa mbioni yakagota, presha ikapanda hadi mara tatu ya kawaida, na kona ya bomba moja ikageuka nyekundu, rangi ya hatari. Akadhani amekosea. Akarudia, akabadilisha hiki na kile. Wekundu uleule, kona ileile.

Mkuu wake, mtu asiye na pupa, alitazama skrini. Kisha akalipigia simu shirika la ndege, na ndege aliyokuja nayo mama mkwe ikazuiwa isiruke.

Alasiri yeye na mkuu wake walisimama chini ya tumbo la ndege hiyo. Fundi akafungua kifuniko, akamulika tochi, akarudi nyuma. Pale konani bomba lilikuwa limevimba kama koo la chatu aliyemeza yai, na ufa mwembamba ulitoka jasho la mafuta.

Asubuhi nzima Mama Presha alikuwa akiomba liwe kosa lake.

"Jana ilibeba watu wangapi?" aliuliza.

"Ilijaa," fundi akajibu.

Bomba na vali vikabadilishwa, na ndege nyingine za aina hiyo zikakaguliwa. Jioni Mama Presha alimkuta mama mkwe jikoni akichambua mboga. Akaketi kando yake, akamweleza yote. Mama mkwe aliliweka chini jani alilokuwa ameshika.

"Mwanangu," akasema, "mimi nitarudi kwa basi."