Sehemu ya Nyanda

Waliokuwa Sumbawanga mwaka elfu mbili na nne, na tano, wataikumbuka bendi ya Mbizi, ingawa wengi wataikumbuka kwa kuisema. Nyimbo zake zilikuwa ndefu kama ibada ya mkesha wa Pasaka. Ukiinuka kucheza, mdundo unabadilika mguu ungali hewani. Kwenye harusi moja huko Kaengesa bibi harusi aliketi kungoja wimbo uishe, na haukuisha mpaka pilau likapoa.

Mwenye bendi alikuwa Marselino, mwalimu wa shule ya msingi na mpiga kinanda wa parokia. Kinanda alifundishwa seminari na padri mzee aliyempigisha Bach kila asubuhi, vidole vikifa ganzi kwa baridi ya Ufipa. Upadri ulimshinda, kinanda hakikumshinda. Baadaye mgeni mmoja aliyekuja kujitolea, siku ya kurudi kwao, alimwachia kaseti ya bendi ya Waingereza: magitaa ya umeme, ngoma, na kinanda kinachonguruma kama cha kanisani, wimbo mmoja umejaza upande mzima. Marselino aliisikiliza mpaka utepe ukakatika. Akajiambia, hiki nakiweza.

Akamtafuta Zita wa Kirando, binti aliyerithi tarumbeta ya baba yake, ambaye enzi zake alipiga jazi Kigoma. Akawachukua wanakwaya wawili, Mathias apige besi na Steven ngoma. Wa mwisho kuingia alikuwa Nyanda Shija, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe wao bondeni, Ilemba, yeye akiwa bado mgongoni. Nyanda hakujua noti hata moja. Alijifunzia gitaa la dumu la mafuta, alilojitengenezea mwenyewe machungani.

Wimbo mkubwa wa bendi uliitwa Ukingo, dakika ishirini na mbili. Marselino alihangaika nao mwaka mzima. Mwanzo alikuwa nao, unaanza kwa kinanda taratibu kama watu wanaingia kanisani. Mwisho alikuwa nao pia. Katikati palikuwa na shimo. Aliyeliziba ni Nyanda, mchana mmoja wa mazoezi, bila hata kuinua kichwa. Alipiga kitu cha kuhesabu mapigo saba saba, kinapinda, kinaondoka, kinarudi kabla hujakikatia tamaa. Zita aliweka tarumbeta mapajani.

"Usiache," alimwambia. "Nyanda, usiache hapo."

Jioni ile Marselino aliiandika sehemu ile kwa noti, isije ikapotea. Juu ya karatasi akaandika jina la wimbo, na chini yake jina lake, kama alivyozoea. Aliliona kosa lake palepale. Kalamu ilikuwa mkononi, hakulisahihisha.

Tangu hapo, bendi ikipiga, watu wakawa wanaliita jina la Nyanda. Wimbo ukikaribia katikati, ukumbi wa parokia ulinyamaza, na sehemu yake ikiisha ulilipuka. Siku moja mgeni rasmi alipanda jukwaani, akampita Marselino, akamshika Nyanda mkono. "Hongera sana, kiongozi wa bendi." Nyanda alicheka, akamwonyesha Marselino kwa kidole. Marselino naye alicheka. Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka elfu mbili na nane ikaja barua kutoka Dar es Salaam. Bendi ilikuwa imealikwa kwenye tamasha, wanamuziki wote watano, waje na wimbo mmoja. Barua ilimfikia Marselino kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sanduku la posta. Aliisoma mara tatu. Kisha akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, na alipowakuta wenzake aliwaambia kwa mdomo.

"Wanataka watu wanne."

Hakuna aliyeomba kuiona barua. Wangemwombaje, mwalimu wao?

Nyanda aliuliza, "Sasa nani anabaki?"

"Wewe sehemu yako ni moja tu, ndugu yangu. Safari nyingine utatangulia."

"Sawa, mwalimu," alisema Nyanda.

Kule Dar Marselino aliipiga sehemu ya Nyanda kwa kinanda, noti kwa noti, kutoka kwenye karatasi. Watu walisimama kushangilia. Mtangazaji akasema utunzi ni wa Mwalimu Marselino kutoka Rukwa, na Marselino akainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Waliporudi, Nyanda alikuwa anawasubiri stendi. "Pale kwangu mlipigaje?"

"Tulipapita," alisema Marselino.

Zita aligeuka kumtazama.

Wiki tatu baadaye redio ikaurusha wimbo ule, pamoja na maneno ya mtangazaji. Siku ya pili yake Nyanda alifika nyumbani kwa Marselino na gitaa la bendi mgongoni. Aliliegesha ukutani taratibu, asije akaligonga.

"Nimeusikia," alisema. Akaondoka.

Mwezi haukuisha, Zita naye akarudi Kirando. Mathias na Steven walibaki na kwaya. Bendi ya Mbizi ikafa bila tangazo.

Miaka kumi na mitano ilipita. Marselino aliota mvi, akapandishwa cheo shuleni, akazika wazazi wake. Kinanda cha parokia alikipiga kila Jumapili, na kila Jumapili, kwenye sala ya kukiri makosa, alijipiga kifua huku akifikiria jambo lilelile moja, na kila Jumapili alitoka kanisani nalo.

Ndipo akaja Rahel, mtangazaji kijana wa redio ya mjini, akitaka historia ya bendi.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi nimeipata rekodi yenu. Sisi tulijua huku hapakuwahi kuwa na muziki kama huo."

Walikaa sebuleni, kinasa sauti mezani. Marselino alieleza seminari, kaseti, tarumbeta ya Zita. Akasikia raha kueleza. Kisha Rahel akauliza, "Na pale katikati, pa saba saba, ulipatoa wapi?"

Mlango wa kukiri ulikuwa umefunguliwa. Angeweza kupita.

"Niliota," alisema.

Rahel alipoondoka, mkewe, Otilia, alitoka jikoni akifuta mikono. Ndiye aliyekuwa akiwapikia bendi siku za mazoezi.

"Uliota, baba Bertha?"

Otilia hakurudia swali. Alimtengea chakula, akaenda kula kwa jirani, jambo ambalo hakuwa amepata kulifanya tangu waoane.

Kesho yake, siku ya Ijumaa, Marselino aliomba ruhusa shuleni, akapanda pikipiki kushuka bondeni. Alimkuta Nyanda nyumbani kwake Ilemba, amenenepa kidogo, anasuka kamba ya ndama. Mkewe, Minza, alileta kiti.

"Mwangaluka, baba," alimsalimia kwa Kisukuma. "Karibu."

"Mwangaluka. Mimi nilipiga muziki na mume wako zamani. Yeye alikuwa anapiga gitaa."

Minza alicheka. "Gitaa? Huyu?" Akamwangalia mumewe, na kicheko kikakatika. Nyanda hakuwahi kumwambia.

Minza alipokwenda jikoni, Marselino alianza. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, yakamtoka shaghalabaghala. Alisema ameiba sehemu yake. Alisema ameweka jina lake mwenyewe juu ya karatasi. Nyanda aliendelea kusuka.

"Hilo nalijua," alisema. "Nilishaliweka pembeni. Nilisema, labda ni mtangazaji aliyekosea, mwalimu akaona haya kumsahihisha."

"Na ile barua, Nyanda. Barua ilisema watano."

Kamba ilisimama mikononi mwa Nyanda. "Watano?"

"Watano. Niliwadanganya wote."

Marselino alikuwa amekuja kutua mzigo. Sasa akaona ameutua juu ya mtu mwingine.

"Mama yangu alinishonea shati la Dar," Nyanda alisema. "Nilipomwambia nimeachwa, aliniuliza, mwanangu, kumbe hujui kupiga? Nikamwambia sijui, mama. Amekufa anajua hivyo."

Alisimama akaelekea kwenye zizi. Minza alileta ugali na maziwa ya mgando, maana mgeni ni mgeni, na Marselino akala peke yake kile chakula. Jua lilikuwa limeanza kuinama Nyanda aliporudi.

"Redioni umeshasema nini?"

"Nilisema niliota."

"Kaseme tena."

Usiku uleule Marselino alimfuata Rahel redioni; Rahel alisikitika, kipindi kilikuwa tayari kimekamilika. Marselino akamwambia hatatoka mlangoni. Jumamosi saa nne asubuhi alisema yote hewani, barua na karatasi na stendi, akitaja jina kamili, Nyanda Shija wa Ilemba. Wazee wa kwaya walimlaumu kwa kujivua nguo hadharani. Wazazi wa wanafunzi walinong'ona. Zita alipiga simu kutoka Kirando, akasema, "Miaka kumi na mitano, Marselino," akalia, akakata. Otilia alianza tena kula naye meza moja. Nyanda hakupiga simu.

Alikuja mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, alipopanda mjini kununua dawa za mifugo. Alisimama kizingitini, hakukubali kiti.

"Ile karatasi bado unayo?"

Marselino aliitoa. Jina lake lilikuwa limekatwa mstari, la Nyanda limeandikwa juu yake kwa wino mpya. Nyanda hakuweza kuzisoma zile noti; alizipitisha kidole moja moja, akakifikisha kidole mpaka kwenye jina, akakituliza hapo.

"Binti yangu wanamfundisha filimbi shuleni," alisema. "Atanisomea."

"Nisamehe, Nyanda."

Nyanda aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Akauliza duka la dawa za mifugo siku hizi liko upande gani. Marselino akatoka naye mpaka barabarani, akamwelekeza.