Herufi G Kubwa

Kabla ya vita Generose alisomea kompyuta Bukavu. Mwaka wa 1999 alikuwa sekretere wa ofisi ya misaada ya parokia moja ya Uvira, na ni yeye peke yake aliyeielewa imprimante yao, mashine ya kuchapa ya sindano zinazogonga utepe wa wino.

Asubuhi moja, saa nne, nesi Herménégilde aliingia anahema, orodha ya majeruhi mkononi.

"Basoda bamekatala. Banasema majina haionekane. Ya kuandika na mukono pia hawataki, eti ni ya uongo."

Majeruhi ishirini na sita walikuwa wamelazwa chini mbele ya kizuizi cha askari cha Kalundu, bandarini; bila orodha inayosomeka wasingepita. Boti ya kuwavusha hadi Kigoma ingeondoka saa sita.

Generose aliitazama karatasi. Utepe ulikuwa umechakaa. Mpya zilitoka Bujumbura, na njia ilikuwa imefungwa. Mafuta ya jenereta yalibaki chini ya lita moja.

Akafungua kitabu cha imprimante. Kilisema ukiipelekea mashine namba 27 halafu herufi fulani, inabadili namna ya kuandika. Herufi G iliiamuru kupiga kila mstari mara mbili. Kwenye kompyuta akaandika amri juu ya orodha, akachapa.

Majina yakatoka madogo kama sisimizi.

"Hii ni nini tena?" Herménégilde alifoka.

"Nimeweka g ndogo. Hiyo ni amri ingine. Ngoja kidogo."

Akaweka G kubwa, kisha E, ya kukoza herufi. Kichwa cha mashine kikapita, kikarudi palepale. Jina la kwanza likatokea jeusi: Consolate Ninahazwe. Lakini utepe ulianza kutoa nyuzi. Angeendelea hivyo, ungekatika. Akasimamisha kazi, akaweka amri za kufuta ukozaji kwenye umri na kijiji, ukabaki kwenye majina tu. Nje jenereta ilikuwa inakohoa.

Jina la ishirini na mbili likatoka. Kisha utepe ukakatika.

"Peleka hiyo," Generose alisema. Halafu akavaa viatu. "Hapana. Twende wote."

Tangu Agosti ya mwaka uliotangulia hakuwa amekanyaga barabara ya Kalundu. Kaka yake Clovis alishushwa kwenye gari pale kizuizini na hakurudi tena.

Askari alisoma majina kwa kidole, polepole. Wabebaji wakapita na machela. Kidole kikafika mwisho; majeruhi wanne walikuwa bado chini.

"Bale bane bengine?"

"Utepe umekatika, shefu. Miye ndiye sekretere. Ninabajua."

"Weye unabajua?" Alimsogezea kalamu. "Andika majina yabo. Pembeni ya kila jina andika yako, na avenue unakaa. Tukisikia mumoja ni mupiganaji, tutakuja kwako."

Herménégilde alimshika kiwiko. Generose alijitoa. Aliandika jina lake mara nne, na mara nne mtaa wake wa kweli, maana uongo ukigundulika ungewarudisha wale wanne.

Boti iliondoka saa sita na robo, wote ishirini na sita ndani.

Kwa miezi miwili alilala amevaa nguo za mchana, na kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilimfanya aketi kitandani. Hakuna aliyekuja. Mwezi uliofuata alivaa tena nguo za kulalia.