Njaa Haikai Kwenye Sahani ya Mgeni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya ndizi zilizokuwa zikiiva jikoni na tumbo langu lililokuwa likinguruma wakati nazipika. Nilikuwa mkamwana mgeni kule Nyabiyonza, nyumbani kwa baba mkwe wangu, Ta Kaijage. Mzee huyo alikuwa mgambo katika vita vya Kagera. Alikwenda mzima akarudi anachechemea, na hakurudi na kiinua mgongo wala nini. Akalikuta jembe lake pale pale alipoliacha, akaendelea kulima.

Mwaka ule jua lilituadhibu. Maharage yalikauka yangali maua. Migomba ya kibanjani, shamba letu la ndizi, ilisimama, ndiyo, na mpita njia angedhani tunakula, kumbe mikungu michache iliyotoka ilikuwa imekonda kama sisi. Tukasikia serikali imeleta mahindi Kayanga, na kwamba wajumbe wa kamati ya kijiji watapita nyumba kwa nyumba waone nani ana shida kweli. Nilifurahi sana. Mgongoni nilikuwa na mtoto aliyefika mahali pa kuacha hata kulia.

Wewe uliyezaliwa huku huhitaji kuambiwa: mgeni haingii nyumbani kwa Mnyambo akatoka kinywa kitupu. Wajumbe walipofika, baba mkwe akawatolea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Kisha akaniita, "Mkamwana, wageni watakula."

Mkungu uliobaki ulikuwa mmoja tu. Lakini mkamwana hamjibu baba mkwe mbele ya watu, na enzi zile hakumjibu hata nyuma ya watu. Leo nacheka, siku ile sikucheka. Nikaumenya wote nikapika. Wajumbe wakala, wakasifu, wakasema hii kweli ni nyumba ya askari. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, na mwenyeji akalala njaa.

Majina yaliposomwa, la Ta Kaijage halikuwemo. Mjumbe mmoja, wala si mtu mbaya, alieleza kwa heshima, "Kwa mzee tulikula tukashiba. Tuwafikirie wenye shida." Baba mkwe akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa sifa. Moyo uliniuma hata nikamchukia, Mungu anisamehe.

Aliyetuokoa ni dada yake mkubwa, Ma Koku, aliyekuwa ameolewa Nyaishozi. Alikuja kututazama, akapitia jikoni kwanza, kama wafanyavyo wanawake wenye akili. Akakuta mafiga yamepoa na mimi namnywesha mtoto maji matupu. Hakuniuliza kitu. Akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

"Kaijage, ulipokuwa vitani ulikula chakula cha nani?"

"Cha jeshi, dada."

"Jeshi lina kibanja?"

Ma Koku hakungoja jibu.

"Mikungu ilitoka huku huku. Mimi mwenyewe nilikata yangu nikaipakia kwenye lori la askari, wanangu wakashindia uji. Hukuona aibu kula cha kwetu ulipokuwa na nguvu. Leo kinarudi, unaona aibu gani? Na hiyo aibu yako anaila nani? Anaila mtoto yule asiyeweza hata kulia."

Hakupandisha sauti. Ndiyo mara ya kwanza kumwona baba mkwe akijifuta macho.

Kesho yake watu walikusanyika ofisi ya kijiji kupimiwa mahindi. Ta Kaijage akavaa koti lake, akaenda akichechemea, mimi nyuma yake na mtoto. Akasimama mbele ya wote akasema, "Nyumbani kwangu kuna njaa. Mkungu mliokula ulikuwa wa mwisho." Akaishia hapo. Naamini kuvuka mto vitani hakukumgharimu kama maneno yale.

Yule mjumbe aliyesema walishiba kwetu akainamisha kichwa. Halafu nyuma kabisa akainuka mzee mwingine, mgambo mwenzake. "Na kwangu." Akainuka na mwingine. Wote walikuwa wamewalisha wajumbe vizuri. Basi mahindi yakamwagwa tena kwenye turubai, yakagawanywa upya. Kila mmoja akapata pungufu, na wapo walionung'unika, sitakudanganya.

Jioni ile nikasonga ugali. Mtoto alipomaliza wake akaangua kilio, kilio kikubwa, anataka aongezwe. Nikataka kumnyamazisha mbele ya mzee. Ta Kaijage akaniwahi.

"Mwache alie, mkamwana. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake."

Mwanangu, nasikia wewe na wenzako mmechaguliwa kwenye kamati, na ukame umerudi Karagwe na Kyerwa. Wazee waliopigana vile vita wamebaki wachache, na hawajaacha ugumu wao. Ukifika kwa mmoja wao akikukaribisha chakula, usikatae, maana utamtukana. Onja kidogo, shukuru, kisha omba maji ya kunywa na uyafuate jikoni mwenyewe. Tazama mafiga, tazama watoto. Njaa ya mtu usiipime kwa sahani aliyokupakulia, kwa kuwa aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na wewe utakuwa umeshibishwa na yeye huyo huyo.

Na siku ikikufika wewe, sema mapema. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kula kilichotoka kwa watu wako si kuomba, ikiwa nawe ulikuwa tayari kufa kwa ajili yao.

Nenda salama. Mungu akijalie kibanja chako mikungu mizito, na mwaka ambao itakuwa myepesi asikunyime mdomo wa kusema, wala jirani wa kukusikia.